Tunda la nyota la Wachina: dawa ya tumbo, ila si kwa kichanga

Wadau, lile tunda kavu la kahawia lenye umbo la nyota, ambalo wengine hulitia kwenye pilau, kwa Wachina ni kiungo na ni dawa pia. Wanaliita bajiao, yaani pembe nane. Mengi hutoka Guangxi, kusini mwa China.

Katika tiba ya jadi ya Kichina tunda hili huhesabiwa kuwa la "joto". Kwa hiyo hupewa mtu ambaye tumbo lake limeingiwa na "baridi": linauma, anatapika, au kiuno kinamsumbua. Kipimo ni gramu 3 hadi 6 kwa siku, huchemshwa. Yule ambaye mwili wake tayari una joto jingi huambiwa aachane nalo.

Mpaka hapo sawa. Balaa ni ndugu yake. Japani kuna mti uitwao shikimi, hupandwa makaburini na kwenye mahekalu ya Kibudha, na matunda yake yanafanana na haya kama mapacha. Hayo ni sumu kali! Mtu anatapika, anatetemeka, anapata degedege. Uholanzi mwaka 2001 watu zaidi ya 60 waliugua kwa chai ya mitishamba iliyochanganyika nayo. Septemba 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo: watu kama 40 walikuwa wameumwa baada ya kunywa chai ya tunda la nyota, na kama 15 kati yao ni vichanga.

Utayatofautishaje? Wanasema ya sumu ni madogo na ncha zake zimepinda. Lakini yakishakauka na kuchanganywa, au kusagwa, kwa macho huwezi, mpaka maabara.

Halafu kuna hili la mafua. Ni kweli dawa ya Tamiflu ilitengenezwa kwa asidi inayotolewa kwenye tunda hili, na mwaka 2005, wakati wa hofu ya mafua ya ndege, lilitafutwa sana. Ila asidi hiyo hupitia hatua nyingi kiwandani kabla ya kuwa dawa. Kuchemsha nyota jikoni hakukupi Tamiflu jamani.

Kwenye pilau, nyota moja mbili kutoka kwa muuzaji unayemwamini, kula tu. Kichanga anayelia tumbo usimpe chai yake hata kijiko. Kama ameshakunywa na anaanza kutapika au kushtukashtuka, mkimbize hospitali, na hayo matunda yaliyobaki nenda nayo.