Dawa zenye umbo la ngata

Katika maeneo yenye ugonjwa wa usubi au matende, wagawaji wa dawa hupita mtaa kwa mtaa wakiwa na kijiti cha kupimia urefu na kopo la vidonge vya ivermektini. Wapo ndugu zetu wanaovipokea kwa mikono miwili, na wapo wanaouliza: iwapo dawa hii ni nzuri, mbona haikomi, kila mwaka inarudi? Tunaliona swali hilo kuwa la haki, na tungependa kulijibu kwa kuanzia ndani ya kidonge chenyewe.

Mama anayekwenda kisimani huizungusha kanga ikawa ngata, kisha akautua mtungi juu yake. Kanga ileile ikiachwa wazi haishiki kitu. Ikizungushwa, hukaa sawasawa baina ya kichwa na mtungi, na bado ni laini. Ndivyo zilivyo molekuli za dawa tunazozizungumzia. Atomu zake, kuanzia 12 na kuendelea, zimeshikana zikafanya duara moja kubwa lisilolegea kama uzi wala kukakamaa kama jiwe. Kwa sababu hiyo hushika mahali papana ambapo molekuli ndogo huteleza. Duara la erithromaisini lina atomu 14. La azithromaisini, inayogawiwa dhidi ya trakoma, 15. La ivermektini, 16.

Asili ya ivermektini ni udongo. Mtaalamu wa Japani, Satoshi Ōmura, aliuchota karibu na uwanja wa gofu katika mji wa Ito, akapata humo bakteria wa jamii ya Streptomyces. William Campbell wa kampuni ya Merck, Marekani, akathibitisha kwamba kitu kinachotolewa na bakteria hao huangamiza minyoo, na wanakemia wakakirekebisha kidogo. Ilianza kama dawa ya mifugo. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, na mwaka 2015 wataalamu hao wawili walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobel. Subhanallah, gao la udongo limewanusuru watu wengi na upofu!

Duara hilo hujipachika kama kabari katika vijilango vya neva na misuli ya mnyoo, vikabaki wazi, na mnyoo akapooza.

Kilichowashangaza wanakemia ni ukubwa wake. Mwaka 1997 Christopher Lipinski alitoa kanuni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi 500 hupenya kwa shida kwenye utumbo. Ivermektini inakaribia 875, nayo humezwa. Siklosporini, inayotumiwa na waliopandikizwa figo, inafika 1,200. Hiyo hufanya mfano wa kinyonga: ndani ya maji huonyesha sehemu zinazopenda maji, na ikifika kwenye utando wa mafuta wa seli huzikunja ndani na kupita. Leo wabunifu wa dawa huunda duara kwa makusudi. Lorlatinibu, dawa ya aina fulani ya saratani ya mapafu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ilipatikana kwa kufunga molekuli iliyokuwa wazi ikawa duara.

Turudi kwenye swali la ndugu zetu. Ivermektini huua vibuu vinavyotembea chini ya ngozi na kufika machoni, lakini haiwaui minyoo wazima wanaovizaa, nao huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Kuacha baada ya mwaka mmoja ni kuwaachia nafasi ya kuzaa upya. Muwasho au uvimbe unaowapata baadhi ya watu baada ya kumeza husababishwa na vibuu vinavyokufa. Ukizidi, mgonjwa apelekwe zahanati.

Hawapewi watoto wasiofikia sentimita 90, wajawazito, wagonjwa mahututi, wala mama aliyejifungua ndani ya wiki moja. Ile ya sindano inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi isiguswe na mtu kwa matumizi yake. Na zoezi likiangukia Ramadhani, maimamu na wajumbe wa mitaa wakae mapema na wagawaji, ili wanaofunga wapitiwe baada ya futari.