Ini Hukuaje Tena Baada ya Kukatwa?

Katika vipindi vyetu vya afya swali hili hurudi kila mara: ni kweli mtu akikatwa ini linaota tena? Wapo wanaouliza kwa sababu ndugu yao anahitaji kuchangiwa ini. Wapo pia, tuseme ukweli, wanaotafuta ruhusa ya kuendelea na chupa. Leo tunawajibu wote.

Jibu fupi ni ndiyo, lakini si kama mkia wa mjusi. Kipande kilichoondolewa hakirudi mahali pake. Sehemu iliyobaki ndiyo inayoongezeka mpaka ikaribie uzito wa ini lote la awali. Mwaka 1931 watafiti wawili nchini Marekani, Higgins na Anderson, walieleza namna ya kumkata panya theluthi mbili za ini. Ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, ini la panya hurudia ukubwa wake. Binadamu huchukua muda mrefu zaidi: anayechangia anaweza kutoa zaidi ya nusu ya ini lake, na likakaribia ukubwa wa mwanzo baada ya miezi michache.

Sasa, seli zinajuaje kwamba kuna upungufu? Zinapeana taarifa kwa protini.

Ini hupokea damu nyingi kutoka utumbo. Likikatwa, damu ileile hulazimika kupita katika kipande kidogo, na msukumo huongezeka. Seli za ulinzi zilizomo ndani ya ini, ziitwazo seli za Kupffer, hutoa protini mbili, TNF na interlukini-6. Hizi ni kama kengele ya kuamsha. Interlukini-6 hunasa kwenye kipokezi juu ya seli ya ini, na ndani ya seli protini ya STAT3 huingia kwenye kiini na kuwasha jeni zilizokuwa zimelala.

Kuamka peke yake hakutoshi. Inakuja amri ya pili, protini ya HGF, ambayo hushika kipokezi kiitwacho Met. Ikisaidiana na nyingine ya EGF, huisukuma seli inakili jeni zake na kugawanyika kuwa mbili.

Halafu lazima kazi isimame, la sivyo ini lingejaa tumbo zima. Protini ya TGF-beta huzuia seli zisiendelee kugawanyika. Kuna pia mfumo uitwao Hippo, unaoitoa protini ya YAP kwenye kiini cha seli ukubwa unapotosha.

Hapa ndipo penye onyo. Mpangilio huu hufanya kazi vizuri pale jeraha linapokuwa moja na ini lililobaki ni zima. Pombe ya kila siku au virusi vya homa ya ini B na C hulijeruhi ini mwaka baada ya mwaka. TGF-beta ileile ya kusimamisha kazi huchochea seli nyingine za ini kutengeneza kovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa, damu haipiti vizuri, na seli mpya hukosa nafasi. Hiyo ndiyo sirosisi. Tena, seli zinazogawanyika bila kupumzika huku zikiwa zimeharibika zinaweza kugeuka saratani.

Kwa hiyo anayesema "nitakunywa tu, ini litaota" anategemea mlango ambao yeye mwenyewe anaufunga kidogo kidogo.

Tunachoweza kufanya kinajulikana. Tupime homa ya ini B, maana mtu huweza kukaa nayo miaka mingi bila dalili, na asiye nayo apate chanjo. Mahindi na karanga zenye ukungu tusile, kwa sababu ya sumukuvu. Na parasetamoli tusizidishe kipimo. Ini husamehe mengi, lakini lina kikomo.