Sindano ya ugonjwa wa sukari si njia ya mkato ya kukonda



Mama mmoja wa kanisa letu alitufuata baada ya ibada, akiwa na kalamu ya sindano ndani ya mfuko wake. Ndugu yake anayeishi Ulaya ndiye aliyemtumia. Arusi ya binti yake ilikuwa karibu, naye alitaka kupunguza kilo mbele ya siku ile. Alituomba tuiombee dawa hiyo kabla ya kuanza kujidunga. Tulimujibu: tutaomba, mama, lakini kwanza twende pamoja kwa munganga.

Zamani kwetu mtu akikonda, majirani walimuuliza kama ni mgonjwa. Leo picha za kwenye simu zinafundisha mengine, na ulizo la mama huyu tumelisikia kwa wengine pia. Ndiyo maana tunaandika.

Sindano hii ni nini?

Dawa yenyewe inaitwa semaglutide. Inayojulikana sana ni Ozempic, ambayo Marekani iliiruhusu mwisho wa mwaka 2017 kwa watu wazima wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya 2. Mwaka 2021 waliruhusu Wegovy, dawa ileile kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa watu ambao unene umekuwa hatari kwa afya yao. Inadungwa mara moja kwa juma. Inaiga homoni ambayo matumbo hutoa tukisha kula: inasaidia mwili kutoa insulini wakati sukari imepanda, inachelewesha chakula tumboni, na inapunguza hamu ya kula.

Basi hatusemi kwamba ni dawa mbaya. Kwa mgonjwa anayefuatwa na munganga, ni msaada mkubwa. Hatari inaanza pale mtu anapojidunga bila kupimwa, kwa dawa asiyojua ilikotoka.

Hatari zake

Ya kwanza ni kuchanganya dawa. Wengine wakisikia «sindano ya sukari» wanafikiri ni insulini. Insulini haikondeshi, mara nyingi inaongeza kilo. Mtu asiye na ugonjwa wa sukari akijidunga insulini, sukari ya damu inaweza kushuka kwa ghafula: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anazimia, na anaweza kufa.

Ya pili ni dawa za uongo. Mwezi wa 10, 2023, huko Austria, watu walilazwa hospitalini baada ya kutumia Ozempic ya uongo. Sukari yao ilishuka sana na wengine walipatwa na degedege. Viongozi wa afya walishuku kwamba ndani ya kalamu zile mlikuwa insulini. Mwezi wa 6, 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilionya inchi zote juu ya kalamu za uongo zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa inchi zenye maabara nyingi zilidanganywa, sisi tunaonunua sokoni ao kwa njia ya simu tutatambuaje?

Ya tatu ni joto. Kalamu ambayo haijafunguliwa inatunzwa ndani ya frigo, kati ya digrii 2 na 8. Iliyokaa siku nyingi ndani ya mizigo ya safari, ao ndani ya frigo ambayo umeme unakatika kila siku, inaweza kuharibika bila kubadilika kwa macho.

Ya ine ni mwili wenyewe. Wengi wanapata kichefuchefu, kutapika, kuhara ao kufunga choo. Kutapika sana kunakausha maji ya mwili na kunaweza kuumiza figo. Wengine wanapata mawe ya nyongo, ao kuvimba kwa kongosho, ambako kunaleta maumivu makali ya tumbo. Mwanamke mwenye mimba asiitumie, na anayetaka kubeba mimba anapaswa kuiacha miezi 2 mbele.

Ya tano: msigawane kalamu moja, hata mkibadilisha shindano. Damu kidogo inaweza kurudi ndani na kupitisha UKIMWI ao ugonjwa wa ini.

Tena, mtu akiiacha, kilo nyingi zinarudi. Katika uchunguzi mmoja uliofuata watu mwaka mzima baada ya kuacha, walirudisha karibu theluthi mbili za uzito waliokuwa wamepoteza.

Tufanye nini?

Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga. Kanisa halikatai dawa, wala maombi hayachukui nafasi ya kipimo. Anayesumbuliwa na unene aende kituo cha afya apimwe sukari na presha. Apunguze sukari ndani ya chai, soda na mafuta ya kukaangia. Aongeze sombe, lengalenga na maharagi. Atembee kwa miguu kila siku. Aliyekwisha kujidunga na anajisikia vibaya asifiche kwa haya: aende hospitali haraka na kalamu yake mkononi. Nasi wote tuache kumucheka mtu kanisani kwa sababu ya mwili wake, maana mara nyingi kicheko chetu ndicho kinachomusukuma kwenye sindano.

Yule mama tulimusindikiza. Sukari yake ilikuwa sawa, lakini presha ilikuwa juu sana, naye hakujua. Kalamu ilibaki kwa munganga, mama akaanza matunzo ya presha. Siku ya arusi alivaa kitenge kilichoshonwa kwa kipimo chake, akacheza na binti yake mpaka jioni. Tulimushukuru Mungu kwamba aliuliza mbele ya kujidunga.

Mwili ni hekalu la Roho. Tuutunze kwa hekima.