Kumwandaa mtoto wa chekechea si kumkaririsha herufi

KILA Januari, katika vijiji vya Shinyalu, Khwisero, Matungu na kwingineko katika Kaunti ya Kakamega, watoto wa umri wa miaka minne hushikwa mkono na mama, nyanya au kaka zao na kupelekwa shuleni kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoingia darasani wakitabasamu. Wapo pia wanaolia hadi saa nne, uji unapoletwa.

Tofauti baina ya makundi haya mawili haitokani na akili. Aghalabu hutokana na mambo madogo madogo ambayo mtoto alitendewa, au hakutendewa, nyumbani katika miezi iliyotangulia.

La kusikitisha ni kwamba kwa wazazi wengi maandalizi yana maana mbili tu: kununua sare na kumkaririsha mtoto herufi za Kiingereza hadi azitamke zote bila kupumua. Mtoto akiweza hivyo, mzazi huamini kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kazi yenyewe haijaanza.

Kwa mujibu wa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, mtoto huingia darasa la PP1 akiwa na miaka minne, PP2 akiwa na miaka mitano, kisha Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Anayofunzwa katika miaka hiyo miwili ni shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na viungo, na za kidini. Neno lililochaguliwa ni shughuli, si somo, na halikuchaguliwa kwa bahati. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kutenda.

Ni vyema kukumbuka tulikotoka. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, chekechea haikujumuishwa. Shule za nasari ziliendelea kutoza karo ilhali darasa la kwanza lilikuwa bure. Baadhi ya wazazi, hasa wale wa kipato cha chini, walipiga hesabu wakaona ni afadhali mtoto akae nyumbani hadi afikishe miaka sita.

Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa darasa la kwanza alijikuta na mtoto asiyewahi kushika penseli ameketi kando ya mwenzake aliyekaa nasari miaka mitatu. Wote walitarajiwa kwenda kwa mwendo mmoja.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ikaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu ya msingi, ambayo ni haki ya kila mtoto na ambayo shule ya umma hairuhusiwi kuitoza karo ya masomo. Kakamega, sawa na kaunti nyingine, imejenga madarasa katika shule za msingi za umma na kuajiri walimu. Malalamishi ya walimu wa chekechea kuhusu mishahara na kandarasi yamesikika katika kaunti nyingi, na hayo ni mjadala wa siku nyingine.

Sheria hiyo hiyo inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani kama sharti la kumsajili. Mtihani unaruhusiwa tu kwa ajili ya kumpangia darasa linalomfaa. Mzazi anayemkesesha mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ya mahojiano ya kuingia shule hana budi kujiuliza anamwandalia nini hasa.

Basi mtoto aliye tayari hutambulikanaje? Anaweza kutaja jina lake kamili na la mzazi wake. Anaweza kwenda msalani na kunawa mikono bila kushikwa. Anavua na kuvaa sweta yake, hata kama ataivaa kinyume. Anaweza kusubiri zamu yake, kusikiliza hadithi fupi hadi mwisho, na kutekeleza agizo lenye hatua mbili, kwa mfano: chukua kikombe, mpelekee nyanya.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji pesa.

Vidole navyo huandaliwa jikoni na shambani. Mtoto anayepukuchua mahindi, kuchambua maharagwe na kufinyanga udongo wa mtoni anaimarisha misuli ile ile atakayoitumia kushika penseli. Akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, au akihesabu mayai ya kuku, ameanza hisabati. Akipiga mkebe akiwaiga wapigaji wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, anajifunza mpangilio, kusikiliza na kwenda sambamba na wenzake. Mzazi anayemfokea aache kelele hajui anachokikatiza.

Suala la lugha ndilo linalozua ubishi mwingi. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na mtaala wa sasa umeshikilia msimamo huo kwa chekechea. Kwa mtoto wa Ikolomani hiyo ni Luidakho. Mjini Kakamega na Mumias, au katika maeneo ya Likuyani na Lugari walikohamia watu wa jamii mbalimbali, Kiswahili ndicho kiunganishi.

Hata hivyo, wazazi wengi humhukumu mwalimu kwa Kiingereza anachotoka nacho mtoto jioni. Mtoto anayejua ingokho ni nini, hula nini, hutaga wapi na hulala wapi, ana maarifa tele juu ya kuku. Akifika darasani aambiwe kwamba jina hilo halifai, hunyamaza. Mwalimu huandika kwamba ni mzito wa kuelewa, kumbe amenyimwa tu mdomo wake.

Anayejua hadithi nyingi kwa lugha ya nyumbani hupata wepesi wa kusoma kwa lugha yoyote baadaye, kwa kuwa tayari anafahamu kwamba hadithi ina mwanzo, kisa na mwisho. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanywa humu nchini 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pengo hilo halichimbwi darasa la tatu.

Manufaa ya msingi mwema hudumu. Huko Michigan, Marekani, utafiti wa Perry ulioanza 1962 ulifuatilia watoto 123 kutoka familia maskini hadi walipofika umri wa miaka 40. Wale 58 waliopelekwa chekechea bora walikuja kuwa na mapato ya juu zaidi na kukamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Jambo ambalo husahauliwa katika kusimulia utafiti huo ni kwamba walimu waliwatembelea wazazi nyumbani kila wiki. Shule haikuachiwa kazi peke yake.

Kutengana na mzazi nako kunahitaji mazoezi. Mwache mtoto kwa shangazi au jirani unayemwamini kwa saa chache, kisha urejee wakati ule ule uliomwahidi. Mpeleke aione shule kabla ya siku ya kufunguliwa, aone darasa, msala na mti watakaochezea chini yake. Siku yenyewe ikifika, muage waziwazi uondoke. Kumtoroka akiwa ametazama kando humfunza kwamba watu hupotea ghafla, na kesho yake atakukwamilia shingoni.

Kadhalika, acha kumtishia kwamba mwalimu atamchapa. Viboko vimepigwa marufuku kisheria, na mtoto aliyejazwa hofu hiyo hawezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Afya nayo isisahauliwe. Kakamega imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikauki, hivyo chandarua ni kifaa cha shule sawa na daftari. Kagua miguu kama ina funza. Dawa za minyoo hutolewa shuleni chini ya mpango wa kitaifa uliofufuliwa 2012, na watoto wa chekechea wamo. Ikiwa mtoto haitiki anapoitwa kwa nyuma, au hushika picha karibu sana na macho, mpeleke hospitalini kabla hajaitwa mkaidi. Watoto wenye ulemavu wana haki ya nafasi sawa na wengine, na kuna vituo vya serikali vya kuwatathmini na kuwashauri wazazi wao.

Kisha kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho wengi hukikumbuka wiki ya mwisho. Shule hukihitaji ili kumsajili mtoto katika mfumo wa taifa wa elimu. Kwa aliyezaliwa hospitalini, tafuta karatasi ya taarifa ya kuzaliwa uliyopewa huko. Kwa aliyezaliwa nyumbani, anza kwa naibu wa chifu. Maombi siku hizi hupitia mtandao wa eCitizen, na asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma mjini Kakamega. Foleni huwa fupi kabla ya Desemba.