Uhawilishaji wa Teknolojia, Sehemu ya Pili: Leseni ya Lazima

Leseni ya lazima ni kibali ambacho serikali humpa mzalishaji atumie uvumbuzi wenye hataza bila ridhaa ya mwenye hataza, mradi mwenyewe alipwe fidia. Kimataifa imejengwa juu ya kifungu cha 31 cha Mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki katika biashara, wa mwaka 1994. Kifungu hicho kilitaka bidhaa itakayotengenezwa iuzwe zaidi katika soko la ndani. Kwa hiyo nchi isiyo na viwanda vya dawa iliruhusiwa kutoa leseni, ila haikuwa na wa kumpa.

Tarehe 30 Agosti 2003 Shirika la Biashara Duniani (WTO) liliruhusu dawa zitengenezwe nchi moja kwa leseni ya lazima na kupelekwa nyingine. Rwanda ndiyo ya kwanza kuutumia mlango huo, na hadi sasa hakuna nyingine iliyopokea dawa kupitia hapo. Julai 2007 iliiarifu WTO kwamba inahitaji pakiti 260,000 za TriAvir, kidonge kimoja chenye dawa tatu za kufubaza VVU: zidovudine, lamivudine na nevirapine. Septemba mwaka huo Kanada iliipa kampuni ya Apotex leseni ya kutengeneza vidonge 15,600,000, bila ruhusa ya kuzidisha hata kimoja. Kila kidonge kilipaswa kuwa na alama ya XCL ili kisirudi kinyemela kwenye maduka ya Kanada. Leseni ikiwa mkononi, Apotex bado ilibidi ishindane kwenye zabuni ya Rwanda, na shehena ya kwanza iliondoka Septemba 2008. Kwa mgonjwa anayesubiri dawa, huo si mwendo wa kusifiwa.

Teknolojia yenyewe haikuvuka mpaka. Vilivyovuka ni vidonge. Hati ya hataza huueleza uvumbuzi, lakini mbinu za kiwandani, kama vile namna ya kuendesha mitambo na kupima ubora wa kila mkupuo, mara nyingi hubaki siri ya kampuni. Leseni ya lazima haimlazimishi mmiliki kufundisha mtu. Kwa vidonge hilo halikuwa kikwazo, maana Apotex ilikuwa na ujuzi wake. Chanjo ni habari nyingine, kwa sababu nyingi huzalishwa kwa chembe hai zinazohitaji kutunzwa kwa utaratibu ambao hati haiumalizi. Mwaka 2021 Bolivia iliiarifu WTO kwamba inataka dozi milioni 15 za chanjo ya UVIKO-19 kutoka kampuni ya Biolyse ya Kanada. Kabla hata ya suala la ujuzi kufikiwa, sheria ya Kanada ilidai chanjo hiyo iingizwe kwenye orodha ya bidhaa zinazoruhusiwa. Haikuingizwa, na dozi hizo hazikutengenezwa.