Saa 15 kitini: Jihadhari damu isigande miguuni

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni umbali wa takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja mnamo Oktoba 28, 2018, muda wa kwenda ulikuwa saa 15 hivi, na kurudi saa 14.

Aghalabu msafiri hujali nauli na uzito wa mizigo. Ni wachache wanaofikiria miguu yao.

Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini kupanda hadi moyoni huhitaji msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa kila tunapopiga hatua. Ukiketi saa nyingi magoti yamekunjwa, damu hutuama na yaweza kuganda. Donge hilo likimeguka na kufika mapafuni, laweza kuua.

Hata hivyo, usiingiwe na hofu. Utafiti wa Shirika la Afya Ulimwenguni uliotangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hii takriban maradufu, lakini humpata mtu mmoja hivi kati ya 6,000. Kinachodhuru ni kukaa bila kujongea. Kwa hivyo, hata abiria wa basi la usiku kwenda Mombasa anahusika.

Walio hatarini zaidi ni waliofanyiwa upasuaji hivi karibuni, waja wazito na waliojifungua juzijuzi, wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, wagonjwa wa saratani, wanene kupindukia, na waliowahi kugandwa na damu. Hawa wamwone daktari kabla ya kusafiri. Huenda wakahitaji soksi maalumu za kubana miguu, au dawa ya kuzuia damu kuganda. Usijiamulie kumeza aspirini.

Msafiri yeyote yule anyooshe na kukunja vifundo vya miguu mara kwa mara, atembee kidogo inaporuhusiwa, anywe maji ya kutosha na asizidishe pombe. Tembe za usingizi ziepukwe, kwani humfanya mtu alale bila kujigeuza.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini apangiwe ratiba mapema, maana saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane, kutegemea majira.

Kumbuka pia kwamba hatari haiishi ndege inapotua. Donge laweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla, ukichomwa kifuani au kukohoa damu, usingoje hata dakika moja. Na ufikapo, mwambie daktari kwamba ulisafiri, na lini. Asipojua hilo, anaweza kudhani ni mkazo wa msuli tu.