"Bring up": maneno mawili, kazi tano

Nilikuwa na miaka 12, nimekaa katikati ya baba na daktari wetu wa mtaa hapa London. Baba alikuwa anakohoa, wiki ya pili hiyo. Daktari akamuuliza: "Are you bringing anything up?" Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Mimi bring up naijua, bwana. Shuleni mwalimu akisema fulani ali-bring up jambo, maana yake alilitaja. Nikajiamini kabisa: "Baba, anauliza kama kuna jambo unataka kulizungumza."

Baba, na heshima zake, akajibu: "Mwambie hakuna, mwanangu. Namshukuru sana."

Nikamgeukia daktari: "No, nothing." Akaandika kikohozi kikavu, tukarudi nyumbani.

Kumbe alikuwa anauliza kama baba anatoa makohozi. Na alikuwa anayatoa, tena yenye rangi, usiku kucha. Mama ndiye aliyekuwa akiyaona, na siku ile mama alikuwa kazini. Siku nne baadaye tukawa hospitalini: nimonia. Baba alipona, alhamdulillahi. Ila swali lile halijanitoka mpaka leo.

Basi tulifungue pamoja.

Kwanza, kulea. "I was brought up in Leicester" ni "nimelelewa Leicester". Ukisema "nililetwa juu", bibi atadhani ulipandishwa ghorofani.

Pili, kutaja. Hapa Kiswahili kinakutaka uchague. Kugusia ni kulitaja jambo juujuu, kwa upole. Kuibua ni kulitoa lililokuwa limejificha. Kuzusha kuna shari ndani yake, kama kuzusha ugomvi au uvumi. Shangazi akigusia habari za mahari, halafu wewe ukasema "shangazi kazusha habari za mahari", jiandae.

Tatu, mwili. Kikitoka tumboni, ni kutapika. Kikitoka kifuani, ni kutoa makohozi. Mtoto mchanga akirudisha maziwa kidogo baada ya kunyonya, anacheua. Kiingereza kinayabeba yote matatu kwa bring up.

Nne, kompyuta. "Let me bring up your details" ni "ngoja nifungue taarifa zako". Hakuna anayebeba kitu.

Tano, mahakama. Mtu akiwa "brought up before the magistrate", sisi tunasema amepandishwa kizimbani. Angalia hapo: ile "juu" ya Kiingereza na kwetu imo!

Yaani Kiingereza kinachukua kitenzi cha kawaida, kinakibandika kineno kidogo nyuma, halafu kinakutupia kazi ya kukisia. Lakini tusiwacheke sana. Muulize anayejifunza Kiswahili kuhusu piga: piga simu, piga pasi, piga deki, piga kura, piga chafya. Anabaki kujiuliza nani kampiga nani. Sisi tunaelewa kwa sababu hatulisikii "piga" peke yake, tunalisikia pamoja na jirani yake.

Na hiyo ndiyo dawa ya bring up pia. Kabla hujatafsiri, jiulize: kinacholetwa ni nini, na kinatoka wapi? Mtoto, neno, makohozi, faili au mshtakiwa? Usipojua, rudi kwa daktari umuulize: "From his chest or from his stomach?" Sekunde tano tu, wala si aibu.

Tena, kama mko Uingereza, mzazi wako anaweza kuomba mkalimani wa NHS, bila malipo. Ombeni mapema, mnapopanga miadi. Sisi watoto tumezoea kuwa mdomo wa nyumba: benki, shule, halmashauri, hospitali. Mengine tunayaweza. Kifua cha baba hakikuwa kazi ya mtoto wa miaka 12.

Wewe je, ulishawahi kumtafsiria mzazi mambo yakaenda kombo? Tutumie sauti yako. Tutaisikiliza bila kukucheka. Au tutacheka kidogo tu.